Furu wangu kafunga mdomo siku 18!

VIJANA wenzangu wa mjini wanafuga mbwa, sungura na njiwa. Mimi hapa Mabatini, Mwanza, nafuga furu. Ndiyo, furu wale wale wadogo wanaotungwa kwenye ndoana kuwa chambo cha sangara. Cheka umalize, halafu nisikilize.

Nilianza kwa huruma tu. Jioni moja Kirumba nilimkuta kijana na ndoo ya chambo. Ndani mlikuwa na furu hai, na mmoja alikuwa dume la bluu lenye mistari myeusi kama pundamilia. Nikampa hela ya soda mbili, akanihesabia sita: dume hilo na majike matano ya rangi ya vumbi. Fundi vioo akanitengenezea tangi, nikaweka mchanga, mawe na kipampu cha kutoa mapovu. Washkaji wakasema nimechanganyikiwa. Mama mwenye nyumba akauliza ni mganga gani aliyenituma.

Siku ya kwanza nilimimina maji ya bomba moja kwa moja, na majike wawili wakafa kwa dawa ya kusafishia maji. Tangu hapo maji yangu hulala kwenye ndoo siku mbili kabla ya kuingia tangini.

Sasa tuje kwenye utamu. Furu wa Ziwa Victoria hatagi mayai akayaacha. Dume huanza kwa mikogo: anatandaza mapezi, anatetemeka mbele ya jike, rangi inawaka kama shati la disko. Jike akikubali, wanazunguka pamoja juu ya mchanga. Anadondosha mayai machache, anageuka chapuchapu na kuyaokota kwa mdomo. Pezi la chini la dume lina madoa ya njano yanayofanana na mayai. Jike anayasogelea kama anataka kuyaokota nayo, kumbe anavuta mbegu za dume. Mayai yanarutubishwa humo humo mdomoni. Ujanja huo!

Kwa hiyo ukitaka kujua kama jike ana mayai, usimtazame tumbo. Mtazame kidevu. Kwanza, chini ya taya panavimba kama mtu aliyejaza ugali mdomoni. Pili, ukimwaga chakula wenzake wanagombania, yeye anatazama tu. Tatu, taya zinachezacheza kama anatafuna bazoka. Hapo anayageuza mayai yapate hewa. Nne, anajitenga nyuma ya jiwe na hataki mazoea na mtu.

Mara ya kwanza nilipoziona dalili hizo niliharibu mwenyewe. Niliita washkaji, tukagonga kioo, na kwa sifa zangu nikamvua jike kwa kichujio cha chai ili wamwone vizuri. Akatema. Mayai ya njano yakatawanyika kwenye mchanga, na asubuhi halikuwapo hata moja. Wenzake walikuwa wameyala. Jike akarudi kula kama kawaida. Mimi ndiye chai haikupita.

Nilipomsimulia mzee mmoja mvuvi pale Mwaloni, hakucheka. "Mjukuu wangu," alisema, "sisi furu tulikuwa tunawachoka. Leo unalilia mayai yao."

Mzee hakukosea. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Miaka ya 1980 aliongezeka ghafla katika Ghuba ya Mwanza, na aina nyingi za furu zikatoweka. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walioanza kuwachunguza furu hapa Mwanza mwaka 1977, waliliona jambo hilo likitokea mbele ya macho yao. Furu mmoja wa kwenye mawe, mwenye mgongo mwekundu, alipewa mwaka 1985 jina la nyererei kwa heshima ya Mwalimu. Leo anafugwa kwenye masebule ya Ulaya na Marekani, huku sisi tukimwita chambo!

Na si sangara peke yake. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji ya ziwa yakichafuka, jike haoni vizuri rangi ya dume. Anachanganya wachumba, na aina mbili zinageuka kuwa moja.

Miezi mitatu baadaye kidevu kingine kikavimba. Safari hii nilifunika kioo kwa khanga na kumpiga marufuku kila mtu. Usiku wa siku ya tisa umeme ukakatika, pampu ikanyamaza. Nikachukua kikombe, nachota maji na kuyamwaga kutoka juu ili hewa iingie. Saa nane za usiku mama mwenye nyumba akatoka na kibatari. "Baba, unaogesha samaki?" Nikamweleza. Akamwinamia jike akamtazama kidevu, kisha akanipokea kikombe. Tulipokezana mpaka alfajiri.

Siku ya 18 nilifunua khanga taratibu. Jike alikuwa amefungua mdomo, na mbele yake vinaelea vitoto kama punje za wali zenye macho. Kivuli changu kilipowaangukia, wote wakarudi mbio mdomoni! Walipotoka tena nilihesabu 23. Mama mwenye nyumba anawaita wajukuu zake.

Juzi nilirudi Kirumba kwa yule kijana wa chambo, nikamwonyesha kidevu kinavyokuwa. Akapekua ndoo yake kimya, akatoa majike wawili, akawarudisha ziwani penye mawe.

"Hawa acha waende," alisema. "Wana mzigo."