Magitaa ya umeme ya bei nafuu: pima ndani kabla ya kulipa

JINJA/MBALE – Mfanyabiashara anayeleta magitaa ya umeme mashariki mwa Uganda halazimiki kujua kuyapiga. Anachohitaji ni mita ya fundi redio, kebo moja ya gitaa na dakika tano kaunta kabla hajatoa pesa. Wengi hutazama rangi, mng'aro wa mbao na jina lililoandikwa kichwani, wakalipa, kisha mzigo unafika Jinja au Mbale na mteja wa kwanza anarudi baada ya wiki moja akilalamika kwamba gitaa "limekufa".

Mara nyingi halijafa. Limekatika waya mmoja, au jeki imelegea. Lakini mwenye duka asiyejua tofauti hurudisha pesa, hulitupa gitaa stoo na hasara inakuwa yake.

Wateja wa magitaa haya katika miji hiyo miwili ni makanisa, bendi za hoteli na za sherehe, shule, na vijana wanaojifunza. Muziki unaopendwa huku, kuanzia lingala hadi benga ya upande wa Kenya, hupigwa kwa sauti safi, nyembamba na ya juu. Jambo hilo lina maana kubwa kwa mwuzaji. Mpigaji wa roki anaweza kuficha vifaa hafifu nyuma ya sauti iliyokwaruzwa kwa makusudi, lakini mpigaji wa sebene hana pa kuficha. Kila mlio wa "bzzz" na kila kukatikakatika kwa sauti husikika hadi mlangoni mwa kanisa.

Ndani kuna nini

Gitaa la umeme lina pikapu (gari la mizigo halihusiki hapa), yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana wa shaba, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya. Umeme huo hupita kwenye swichi ya kuchagua pikapu, kisha kwenye potensiometa, ambazo madukani huitwa tu kontroli za sauti na toni, na mwisho hutoka kwenye jeki kwenda kwenye amplifaya. Kontroli ya toni huwa na kapasita moja ndogo ya kupunguza sauti za juu. Hakuna zaidi ya hapo. Redio ya mkulima ina vifaa vingi kuliko gitaa, na ndiyo maana fundi redio yeyote wa Jinja au Mbale anaweza kulitengeneza akielezwa vizuri.

Pikapu za kawaida ni za aina mbili. Kuna zenye koili moja, nyembamba, zenye sauti kali na safi; na kuna zenye koili mbili zilizolala pamoja, zenye sauti nzito na zisizonasa mngurumo wa umeme wa ukutani. Zile za koili moja hunasa mngurumo huo hata zikiwa nzima kabisa. Umeme wa Uganda ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, na penye taa za mirija au nyaya za umeme zisizo na ethi mngurumo huongezeka. Mteja akilalamika, aulizwe kwanza alipigia wapi.

Kipimo cha kaunta

Chomeka kebo kwenye gitaa, bila amplifaya. Fungua kontroli zote hadi mwisho. Weka mita kwenye kipimo cha kilo-omu 20, gusisha waya mmoja wa mita kwenye ncha ya plagi ya kebo na mwingine kwenye shingo ya plagi hiyo. Kisha sogeza swichi hatua moja moja ukisoma namba.

Pikapu ya koili moja iliyo nzima kwa kawaida husoma kati ya kilo-omu 5 na 7. Ya koili mbili husoma 7 hadi 9, na zile zilizotengenezwa ziwe na nguvu zaidi hufika 14 au hata 16. Swichi ikiwa katikati, pikapu mbili zikifanya kazi pamoja, namba hushuka karibu nusu. Hilo ni sawa, si ubovu.

Mita ikionyesha kwamba kipimo kimezidi, panda hadi kipimo cha megaomu 2. Ikisoma karibu 250 au 500 za kilo-omu, basi unachosoma si pikapu bali ni kontroli ya sauti peke yake: waya wa pikapu umekatika mahali fulani, ama kwenye lehemu ama ndani ya koili. Lehemu ni kazi ya dakika chache. Koili iliyokatika ndani ni jambo jingine, maana kuizungusha upya ni kazi ya mtaalamu, na kwa gitaa la bei nafuu ni rahisi zaidi kununua pikapu nyingine. Ikiwa mita haisomi chochote kwa kipimo chochote, jeki au kebo ndiyo ya kwanza kushukiwa. Jaribu kebo nyingine kabla ya kulaumu gitaa.

Halafu weka kipimo cha kilo-omu 200 na punguza sauti polepole. Namba itapanda kwanza, kisha itashuka taratibu hadi karibu sifuri. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ikirukaruka, kontroli imejaa vumbi au imechakaa. Vumbi la barabara za murram huingia humo kwa urahisi, na dawa ya kupulizia ya kusafisha vifaa vya umeme mara nyingi hutosha.

Kuna onyo moja. Gitaa lenye kijumba cha betri ya volti 9 mgongoni huwa na saketi ya kukuza sauti ndani yake, na kipimo hiki hakiwezi kusoma pikapu zake. Hilo lazima lisikilizwe kwenye amplifaya, likiwa na betri mpya.

Wauzaji wengine husifia namba kubwa: "Hii ni 16, kali kweli." Namba hiyo haipimi ubora. Waya ukiwa mwembamba zaidi, namba hupanda hata kama pikapu si bora. Kinachotakiwa ni namba iwe ndani ya kiwango cha aina yake, na pikapu za gitaa moja zisipishane mno bila sababu.

Ukiruhusiwa kufungua

Mwuzaji akikubali kufungua bamba la plastiki, mambo manne huonekana upesi: lehemu, ukubwa wa kontroli, aina ya swichi, na kama shimo limepakwa rangi inayopitisha umeme au kubandikwa karatasi ya shaba ya kuzuia mngurumo. Magitaa ya bei ya chini huwa na kontroli ndogo, za kipenyo cha milimita 16 hivi, badala ya 24, na swichi iliyofungwa ndani ya kijiboksi cha plastiki. Si lazima ziwe mbovu. Ila zikichakaa hubadilishwa, hazitengenezwi.

Pikapu nayo hujieleza kwa chini. Ikiwa na vijiti vya chuma vya kawaida na kipande cha sumaku cheusi kilichogundishwa chini yake, hiyo ni sumaku ya seramiki. Ikiwa kila kijiti chenyewe ni sumaku, ni ya mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti, unaojulikana kama alnico. Ya pili hugharimu zaidi na sauti yake ni laini kidogo. Tofauti hii huonekana hata ndani ya jina moja la biashara: Squier, jina la bei nafuu la kampuni ya Fender, huweka seramiki kwenye magitaa yake ya Affinity na alnico kwenye Classic Vibe. Yamaha Pacifica 112V nayo huja na alnico. Kwa hiyo jina "Squier" peke yake kwenye ankara halitoshi kukisia bei. Aina kamili iandikwe.

Hata hivyo, seramiki isidharauliwe. Katika kanisa lenye kinanda, ngoma na waimbaji ishirini, sauti yake kali hupenya vizuri.

Thamani na vipuri

Katika gitaa la bei nafuu kinachoharibika kwanza ni jeki, kwa sababu hukanyagiwa kebo kila siku. Hufuata swichi, kisha kontroli. Pikapu huwa ya mwisho. Na mpangilio wa bei ni kinyume chake: jeki ndiyo ya bei ndogo kabisa, pikapu ndiyo ghali. Hapo ndipo faida ilipo kwa anayejua kupima. Gitaa "bovu" linalouzwa kwa bei ya kutupa, lakini pikapu zake zinasoma vizuri na shingo yake imenyooka, ni mali.

Kwa mfano tu, gitaa lililofika dukani Mbale kwa jumla ya shilingi 400,000 za Uganda, likabadilishwa jeki, swichi na kontroli mbili pamoja na ufundi kwa shilingi 60,000, linaweza kuuzwa kwa bei ya gitaa zima. Lakini mwenye duka akilitia pikapu za Marekani, ambazo moja hufika dola 100 hivi huko kwao, hatarudishiwa pesa hiyo. Mnunuzi wa gitaa la bei nafuu haongezi laki tatu au nne kwa sababu ya kitu asichokiona. Anayezitaka atazinunua mwenyewe. Pesa ya mwenye duka ina kazi bora zaidi kwenye nyuzi mpya na kusawazisha urefu wa nyuzi.

Ethi ni jambo la usalama, si la sauti tu. Gitaa likiwa kwenye amplifaya, shika nyuzi kwa mkono. Mngurumo ukipungua, waya wa ethi unaokwenda kwenye daraja la nyuzi uko sawa. Usipopungua kwa nyuzi lakini ukapungua ukigusa chuma cha jeki, waya huo umekatika. Na amplifaya yenyewe iwe na plagi ya miguu mitatu yenye ethi ya kweli, kwa kuwa mpigaji anashika nyuzi za chuma zilizounganishwa nayo moja kwa moja, na mbele yake kuna maikrofoni ya chuma. Amplifaya zilizotumika kutoka Japani ni za volti 100 na za Marekani ni 120. Zikichomekwa ukutani Jinja bila transfoma huungua papo hapo. Soma kibandiko cha nyuma, usimwamini anayesema "inakubali zote".

Mpakani

Mzigo mwingi wa barabara kutoka Kenya hupita Malaba au Busia. Wanaokwenda Mbale wengine hutumia Lwakhakha. Katika vitabu vya forodha, gitaa la umeme huwekwa kifungu 92.07, gitaa la kawaida lisilo la umeme 92.02, nyuzi na vipuri vya vyombo vya muziki 92.09, na amplifaya 85.18. Wasafirishaji wanaoandika "vyombo vya muziki" kwa mzigo wote mchanganyiko hujitafutia kuchelewa, kwa kuwa ushuru wa vifungu hivyo si lazima ulingane. Juu ya ushuru huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ya Uganda, na kwa mwagizaji asiye na msamaha, kodi ya zuio ya asilimia 6.

Wafanyabiashara wadogo hukwama zaidi kwenye cheti cha asili. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Gitaa la China au Indonesia halipati cheti hicho kwa sababu tu limenunuliwa Nairobi. Risiti ya duka na karatasi za ushuru uliolipwa Mombasa zisafiri pamoja na mzigo.

Jina kubwa kichwani ni hatari nyingine. Gitaa lenye jina la Gibson na ankara ya dola 90 linamfanya ofisa wa forodha aulize maswali mawili: kama bei ni ya uongo, au kama gitaa ni bandia. Yote mawili ni mabaya kwa mwenye mzigo. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa bandia tangu 2008, na mzigo unaweza kukamatwa kabla haujaiona Uganda. Gitaa halali la Epiphone, jina la bei nafuu la Gibson wenyewe, lina faida kuliko Gibson ya kughushi.

Kuhusu mbao, bado wapo wanaoogopa magitaa yenye ubao wa shingo wa rosewood kwa sababu ya masharti ya CITES yaliyoanza Januari 2017. Masharti hayo yalilegezwa kwa vyombo vya muziki vilivyokamilika kuanzia Novemba 2019, isipokuwa kwa rosewood ya Brazil, ambayo haipatikani kwenye magitaa ya bei hii.

Njiani, nyuzi zilegezwe kidogo, kebo isiachwe ndani ya jeki, na boksi lilazwe bila kuwekewa magunia juu. Magitaa yenye kichwa kilichoinama nyuma, ya mtindo wa Les Paul, huvunjika chini ya kichwa yakianguka hata ndani ya boksi. Yale ya mtindo wa Fender, yenye kichwa kilichonyooka na shingo ya kufungwa kwa skrubu, huvumilia zaidi. Dereva wa basi akiambiwa hivyo mapema hujua lipi aliweke juu.