Umeweka dawa ya nywele? Jua haya kabla ya kupimwa dawa za kulevya

Uko saluni Katwe au Nsambya. Unaweka dawa ya kunyoosha nywele, unapaka rangi, halafu unasuka rasta kwa meshi. Baadaye wewe, au ndugu yako aliyehamia Uingereza au Marekani, anaambiwa na mwajiri au mahakama ya watoto atoe nywele zipimwe kama anatumia dawa za kulevya. Je, mambo ya saluni yanaweza kubadilisha majibu? Ndiyo.

Kipimo kinafanyaje kazi?

Mkojo huonyesha zaidi matumizi ya siku chache zilizopita. Nywele huonyesha miezi. Mtu akitumia kokeini, heroini au bangi, kiasi kidogo hupita kwenye damu na kuingia kwenye mzizi wa unywele. Nywele hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo sentimita 3 kutoka kichwani hueleza takriban miezi 3. Nywele za Kiafrika mara nyingi hukua polepole zaidi. Mpimaji hukata kishungi chembamba nyuma ya kichwa, karibu kabisa na ngozi.

Saluni hubadilisha nini?

• Dawa kali za kunyoosha na za kuondoa rangi hufungua unywele na kuharibu sehemu ya kile kinachotafutwa. Kiasi hupungua, lakini si lazima kiishe.
• Rangi ya kawaida hupunguza pia, ila mara nyingi kwa kiasi kidogo zaidi.
• Nywele zilizoharibika hunyonya kwa urahisi vitu vya nje, kama moshi wa watu mnaoishi nao chumba kimoja.
• Mafuta ya nywele yenye bangi, na dawa za kupuliza zenye pombe, zinaweza kuchanganya majibu.
• Meshi na wigi si nywele zako. Hazifai kupimwa.

Kwa nini jambo hili ni zito kwetu?

Rangi nyeusi ya asili ya nywele hushika baadhi ya dawa, kama kokeini, kuliko nywele za rangi nyepesi. Huko Boston, Marekani, polisi weusi walifukuzwa kazi kwa sababu ya kipimo hiki. Mwaka 2013 tume ya utumishi ya jimbo la Massachusetts iliamuru 6 kati ya 10 waliokata rufaa warudishwe kazini. Ilisema jibu la nywele peke yake halitoshi kumfukuza mtu.

Ufanye nini?

1. Mwambie mpimaji kila ulichoweka kichwani, na lini. Hakikisha ameandika.
2. Usikimbilie saluni wala kunyoa kabla ya kupimwa. Maabara huona nywele zilizochomwa na dawa, na utaonekana unaficha kitu.
3. Taja dawa za hospitali unazotumia, kama tramado au mofini, na uonyeshe karatasi ya daktari.
4. Kama huelewi lugha ya fomu, omba mkalimani kabla ya kutia sahihi.
5. Usipokubaliana na majibu, omba kipimo cha pili, pamoja na mkojo.

Kusuka na kuweka dawa si kosa. Kunyamaza kuhusu hilo ndiko kunakoweza kukuumiza.