Homa ya ini: Kwa nini mtoto asiyeugua ndiye aliye hatarini

Watu wawili wakiambukizwa homa ya ini aina ya B siku moja, mmoja mtu mzima wa miaka 30 na mwingine kichanga aliyezaliwa asubuhi hiyo, atakayewatia jamaa hofu ni yule mtu mzima. Baada ya miezi miwili au mitatu huenda macho yake yakawa manjano, mkojo ukawa na rangi ya chai kavu, chakula kikamshinda na viungo vikamlegea. Mtoto hataonesha dalili yoyote. Atanyonya, atalala na ataongezeka uzito kama walivyoongezeka ndugu zake. Lakini mwaka ukipita, mambo hugeuka. Katika kila watu wazima 100 wenye afya, wanaobaki na kirusi hicho hawafiki 5. Katika kila watoto 100 walioambukizwa wakati wa kuzaliwa, takriban 90 hubaki nacho, na wengi wao hubaki nacho maisha yao yote.

Tumeona juma hili tulieleze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu wazazi wengi hupima ugonjwa kwa macho: aliye manjano ni mgonjwa, anayecheza uwanjani ni mzima. Kwa homa ya ini kipimo hicho hakifai, na sababu yake imo katika namna seli za mwili zinavyopelekeana habari.

Kwanza tutenganishe majina. Homa ya manjano ni maradhi mengine kabisa, huletwa na mbu, nayo ina chanjo yake ambayo wasafiri wanaijua. Homa ya ini ya virusi ina aina tano. A na E hupita katika maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi, na kwa kawaida huondoka zenyewe, ingawa E ni hatari kubwa kwa mjamzito. B, C na D hupita katika damu. B hupita pia kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa kujifungua. D haiwezi kuishi bila B, hivyo aliyekingwa na B amekingwa na zote mbili. Hapa tutazungumzia B zaidi, kwa kuwa ndiyo inayoingia nyumbani kimyakimya.

Kirusi hicho kilianza kujulikana mwaka 1965, pale tabibu wa Marekani, Baruch Blumberg, na wenzake walipokuta protini ngeni katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Kilichodhihirika katika miaka iliyofuata ni kwamba kirusi chenyewe hakiui seli za ini. Huingia ndani ya seli, huweka maandishi yake katika kiini chake, kisha hukaa hapo kikitoa nakala kwa maelfu. Seli huendelea kuishi na kufanya kazi. Kama madhara yangetoka kwa kirusi peke yake, basi mwenye virusi vingi zaidi angekuwa ndiye mgonjwa zaidi. Mara nyingi sivyo ilivyo.

Ini huumizwa na vita ambavyo mwili wenyewe huvipigana ndani yake. Ili kuelewa vita hivyo huanzaje, lazima tujue kwamba seli huzungumza kwa kemikali. Mwaka 1957 watafiti wawili mjini London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann, waligundua kwamba seli iliyovamiwa na kirusi cha mafua hutoa kitu kinachozionya seli jirani zijifunge. Wakakiita interferoni. Ni kama mwenye nyumba anayepiga ukelele usiku: yeye ameibiwa, lakini mtaa umeamka. Kirusi cha B katika wiki za mwanzo hakisababishi ukelele huo, au husikika kwa mbali sana. Huingia kama mgeni mwenye ufunguo. Ndiyo maana siku kati ya maambukizi na dalili zinaweza kuwa 30, na zinaweza kufika 180. Kirusi cha C kina hila nyingine. Seli hukitambua mapema, lakini kirusi hutoa kimeng'enya kinachokata waya unaopeleka habari ndani ya seli, na ukelele hukatika njiani.

Kwa mtu mzima, habari za B hatimaye hufika. Seli za doria hubeba vipande vya kirusi mpaka kwenye vituo vya kinga na kuviwasilisha kwa seli nyeupe za damu ziitwazo seli T. Hizi huzaliana, hufuata mkondo wa damu mpaka kwenye ini na kuikagua kila seli, kwani seli iliyovamiwa huonesha vipande vya kirusi kwenye ngozi yake ya nje. Hapo seli T zina njia mbili. Moja ni kuua. Nyingine ni kumwaga ujumbe, ikiwemo interferoni ya aina ya gama, unaoiamrisha seli ya ini kumfukuza mgeni na yenyewe kubaki hai. Njia hii ya pili ilithibitishwa kwa sokwe, mnyama anayeambukizwa B kama binadamu, katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999: sehemu kubwa ya virusi ilitoweka kabla uharibifu wa ini haujafikia kilele.

Kwa hiyo umanjano tunaouogopa ni alama ya mapambano. Seli za ini zinapokufa kwa wingi, rangi ya nyongo hushindwa kuondolewa na husambaa mwilini. Hatusemi kwamba umanjano ni jambo jema la kukaliwa nyumbani na kutibiwa kwa mizizi. Kwa wachache, pungufu ya 1 katika 100, vita huvuka mpaka na ini lote likafa kwa siku chache. Mgonjwa wa manjano ambaye ameanza kuchanganyikiwa au kutokwa damu ovyo apelekwe hospitali usiku huohuo.

Sasa turudi kwa kichanga. Kimya chake kina asili mbili. Ya kwanza ni tabia ya ini lenyewe. Karibu robo tatu ya damu inayoingia katika ini hutoka moja kwa moja kwenye matumbo, ikiwa imebeba chembe za vyakula na mabaki ya bakteria. Kama ini lingepiga ukelele kwa kila kigeni kinachopita, kila mlo ungekuwa vita. Basi limejaaliwa uvumilivu: seli zake za ulinzi, zikiwemo zile zilizopewa jina la Mjerumani Kupffer, hutoa ujumbe wa kutuliza kuliko wa kuchochea. Ya pili ni umri. Kinga ya mtoto aliyezaliwa leo bado inajifunza kutenganisha chake na cha mgeni. Kirusi kikifika katika siku hizo, na kikafikia kiungo hicho chenye subira, mwili hukihesabu kuwa miongoni mwa watu wa nyumbani.

Miaka ikipita, hata seli T zinazokitambua huchoka. Mwaka 1992 Tasuku Honjo na wenzake huko Kyoto, Japani, waligundua kitu juu ya seli hizo kiitwacho PD-1, ambacho baadaye kilieleweka kuwa ni breki. Seli inayokutana na adui yuleyule kila siku kwa miaka huvikwa breki hizo moja baada ya nyingine mpaka inasimama. Honjo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 pamoja na Mmarekani James Allison, kwa kuwa elimu hiyo imeleta dawa za saratani zinazofungua breki. Kwa homa ya ini jambo hilo bado linafanyiwa majaribio kwa tahadhari kubwa, na tunaona tahadhari hiyo ina haki yake: kuziamsha seli T zote kwa ghafla ndani ya ini lenye virusi kila mahali ni kuliwasha moto.

Ajabu ni kwamba suluhu hiyo haidumu. Katika ujana au utu uzima, mara nyingi bila sababu inayoonekana, seli T huanza kushambulia tena, lakini kwa nguvu ndogo: zinatosha kujeruhi, hazitoshi kumaliza. Kila jeraha huleta ujumbe wa kutengeneza kovu. Unaoupokea ni seli za ini zenye umbo la nyota, ambazo siku za amani kazi yake ni kuhifadhi vitamini A. Zikipokea amri hiyo huacha ghala na kuwa mafundi wa kovu, zikifuma nyuzi za kolajeni. Kovu la mwaka mmoja si kitu. Kovu la miaka 20 hugeuza ini kuwa gumu na lenye vinundu, damu ikashindwa kupita, tumbo likajaa maji. Kwa baadhi yao seli zilizokuwa zikifa na kuzaliwa upya kila mara hugeuka saratani. Huyu ndiye mtu wa miaka 40 ambaye jamaa husema amerogwa, kwa sababu jana alikuwa mzima. Hakuwa mzima. Alikuwa na ugonjwa wa umri wake wote.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na B na milioni 50 na C, na kwamba homa za ini za virusi ziliua watu milioni 1.3 mwaka huo. Zaidi ya vinane katika kila vifo kumi vilitokana na B.

Yote haya ndiyo yanayofanya saa 24 za kwanza ziwe na thamani kubwa. Chanjo hufundisha kinga kabla kirusi hakijajitambulisha kuwa mwenyeji. Watoto wetu wengi huanza kuchanjwa B wakiwa na wiki 6, ndani ya sindano ya Penta, kisha wiki 10 na 14. Ni chanjo nzuri, lakini kwa mtoto wa mama mwenye virusi imechelewa. Hata siku ya saba, familia inapokusanyika kwa akika na mtoto kunyolewa, mlango wa saa 24 umekwisha fungwa siku sita nyuma. Taiwan ilianza mpango wa taifa wa kuwachanja watoto mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto wake ikapungua sana. Katika Kanda ya Afrika ya shirika hilo, watoto waliopata dozi ya kuzaliwa walikuwa 18 tu katika kila 100. Basi mume aulize mapema, mimba ikiwa bado changa: je, mke wangu amepimwa homa ya ini B, na sindano ya kuzaliwa inapatikana wapi? Mama mwenye virusi vingi huweza kupewa dawa ya tenofovir katika miezi ya mwisho ya mimba ili mtoto asiambukizwe. Naye anyonyeshe, maziwa yake hayana kosa.

Kirusi cha B huweza kukaa juu ya kifaa kikavu kwa siku 7 na bado kikaambukiza. Wembe wa kinyozi, wembe wa hijama, kisu cha tohara na sindano ya kutoga masikio viwe vipya kwa kila mtu, na mahujaji wanaonyolewa Mina wadai wembe uliofunguliwa mbele ya macho yao. Kwa upande mwingine, sinia moja, glasi moja, kupeana mikono na kumbusu mtoto havileti maambukizi. Tumesikia nyumba ambamo mgonjwa ametengewa sahani yake. Hiyo ni adhabu isiyo na faida. Mchumba aliyekutwa na B naye hana sababu ya kuachwa: mwenzake apimwe, achanjwe sindano tatu ndani ya miezi sita, na kinga yake ikithibitishwa nikaha iendelee.

Aliyekutwa na virusi apime pia watoto na ndugu zake wa tumbo moja, kisha afuatiliwe ini kila baada ya miezi kadhaa hata kama hajisikii vibaya. Si kila mmoja huhitaji dawa mara moja. C hutibika na kwisha kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12, kwa zaidi ya watu 95 katika kila 100. B hutulizwa, kwa sababu maandishi yake hubaki katika kiini cha seli. Anayeacha dawa kwa kujiona amepona huweza kuamsha virusi na seli T kwa pamoja, na vita vya ghafla namna hiyo vimeua watu. Hali kama hiyo huweza kumpata anayeanza dawa za saratani au dawa kali za kupunguza kinga. Amwambie daktari wake kwanza. Tenofovir humezwa mara moja kwa siku, hivyo Mwezi wa Ramadhani hauna haja ya kuikatiza: mgonjwa akubaliane na daktari wake kama ataimeza wakati wa futari au wa daku, na ashike saa hiyohiyo mwezi mzima.