Mkono wa Karani
Tabibu Bernardino Ramazzini wa Italia, katika toleo la 1713 la kitabu chake juu ya maradhi ya wafanyakazi, alitaja sababu tatu ziwadhuruzo makarani: kukaa kitako kutwa, kuuendesha mkono kwa namna ile ile bila kusita, na kuikaza akili kwa hofu ya kuharibu madaftari, akamtaja na mwandishi mmoja wa hati ambaye, mkono wa kulia ulipomwishia nguvu, alijifunza kuandika kwa wa kushoto, nao ukapatwa na maradhi yale yale.

Leo kalamu imeipisha kompyuta, walakini kiungo ni kile kile. Katika kifundo cha mkono mna njia nyembamba zipitamo kano tisa pamoja na mshipa wa fahamu. Njia hiyo ikisongwa na uvimbe, mshipa hubanwa, hata mtu akaamka usiku kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, ilhali kile cha mwisho ki salama. (Wakubwa wa kazi, kwa kutoona jeraha, hudhani ni uvivu.)

Kiti na kiinuliwe hata viwiko vilingane na meza, kifundo kinyooke, na mikono ipumzishwe mara kwa mara. Ganzi ikidumu, mwone tabibu kabla nyama ya shina la kidole gumba haijasinyaa.