Hesabu ya Vichwa si Hesabu ya Riziki

Apitaye Rahaleo, hapa mjini Mtwara, hakosi kusikia neno hili: mji umejaa, na gesi ndiyo iliyouleta umati. Neno hilo husemwa kwa yakini, lakini hesabu za Serikali hazilikubali upesi hivyo. Yatupasa kuzisoma kwa utulivu.

Sensa ya 2012 ilikuta watu 108,299 katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Ile ya 2022 ikakuta 146,772. Kwa miaka kumi, basi, watu wamezidi 38,473, yaani karibu asilimia 36. Ni ongezeko kubwa, wala hatulidharau. Lakini hesabu moja peke yake haisemi kitu mpaka iwekwe karibu na nyingine. Katika muda ule ule Tanzania nzima ilitoka watu 44,928,923 ikafika 61,741,120, yaani asilimia 37. Mkoa wa Mtwara nao uliongezeka karibu asilimia 29 tu.

Maana yake ni nini? Mji wetu umeupita mkoa wake, lakini haukuifikia nchi. Twaona ya kuwa watu watoka vijijini. Baadhi yao hutua hapa, na wengine hupita wakaenda mbali. Jambo hili si geni. Jina la machinga, waitwalo wachuuzi wa Dar es Salaam, lenyewe lawakumbuka vijana wa kusini. Kama gesi ingalivuta watu kama isemwavyo, tungaliona mji ukiitangulia nchi.

Wala si ajabu. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam likazinduliwa 2015. Kulaza bomba kwahitaji mikono mingi. Kulilinda kwahitaji michache. Thamani ya gesi huandikwa katika pato la taifa, lakini mshahara hauandikwi mfukoni mwa asiyeajiriwa. Wazee wetu waliliona hili zamani: mpango wa karanga wa Waingereza ulituletea bandari na reli katika miaka ya mwisho ya 1940 na ya mwanzo ya 1950, karanga zikashindwa, reli ikang’olewa, bandari ikabaki.

Tena tukumbuke mwezi. Sensa zote mbili zilifanywa Agosti, na minada ya korosho kwa desturi huanza Oktoba. Mhesabu alitukuta kabla ya fedha ya msimu, na kabla ya vibarua wa maghala na bandari kukusanyika.

Kwa hiyo, ndugu wanachama na wafanyakazi, mtu akija mkutanoni na tarakimu, msimpigie makofi kwanza. Mwulizeni mambo matatu: imelinganishwa na nini? Imepimwa mwezi gani? Na katika mali hiyo, kilichobaki hapa ni kiasi gani?

Hatusemi haya kwa kupenda ubishi. Watu hawa 38,473 ni watoto watakao madarasa, ni akina mama watakao maji, ni vijana watakao kazi. Kiongozi aaminiye ya kuwa gesi imekwisha kuwapa kazi hatawatafutia nyingine. Hapo kosa la hesabu huwa njaa ya mtu, na raha ya leo itabaki kuwa jina la mtaa tu.