Kutoka Masieda hadi Mafia, na kurudi

Shule zikifungwa Desemba, walimu wa vijijini Mbulu na Hanang hutawanyika nchi nzima. Ajira ya serikali haiulizi mtu kazaliwa wapi. Wa Dongobesh anaweza kupelekwa pwani, na wa Kilindoni, kisiwani Mafia, akajikuta Masieda, kwenye baridi ya nyanda za juu, akijifunza salamu za Kiiraqw na kununua koti lake la kwanza la sufu. Huyu wa Kilindoni ndiye ninayemfikiria kila ninaposoma matangazo ya utalii yanayokisifu Kisiwa cha Mafia kwa kuwa mbali na dunia. Kwa mtalii, umbali huo ni sehemu ya starehe anayoilipia. Kwa mwalimu ni siku za likizo zinazoishia njiani, na shida yake kubwa haiko kwenye kwenda. Iko kwenye kurudi.

Tumsindikize. Kutoka Masieda anapanda bodaboda au gari lolote linaloelekea Haydom, na kama mvua imenyesha usiku, dereva ndiye atakayeamua safari ipo au haipo. Haydom ni mji uliokua kuzunguka hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa na Wanorwe mwaka 1955, kwa hiyo magari yapo, ya kushukia Katesh au Babati. Akifika Babati mambo yanabadilika. Barabara ya lami ya Babati hadi Dodoma, kilomita 251 kupitia Kondoa, ilizinduliwa mwaka 2018, na tangu 2024 treni ya umeme ya SGR inamtoa Dodoma hadi Dar es Salaam kwa muda usiofika saa nne. Wazee waliosafiri na mabasi ya Mbulu ya miaka ya 1980, wakilala njiani mara mbili na kusukuma gari kwenye tope, wanajua ukubwa wa jambo hili. Begani ana mfuko wa vitunguu saumu vya Mbulu, kwa maana hakuna anayerudi kwao mikono mitupu.

Dar es Salaam siyo mwisho. Inabidi avuke jiji hadi Mbagala Rangi Tatu, apande gari la kusini, apite Mkuranga, na pale Bungu aiache barabara kuu inayokwenda Kibiti na Lindi, akate kushoto kuelekea baharini. Kilomita zipatazo 40 mbele ndipo ilipo Nyamisati, ukingoni mwa delta ya Rufiji, ndani ya msitu mkubwa wa mikoko.

Hapa saa ya ukutani haina kauli tena. Maji ya pwani yetu hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita meta tatu. Mkondo wa kutokea Nyamisati hadi bahari wazi una mafungu ya mchanga na matope, na nahodha asiyeyajua maji yake atakwama humo akisubiri yajae. Ndiyo maana wenyeji wakiulizwa chombo kinaondoka lini huangalia kwanza maji. Mgeni aliyezoea ratiba ya treni hudhani wanamzungusha. Hawamzungushi. Wanamjibu kwa saa ambayo bahari inaifuata.

Zamani kidogo tu, safari hii ilikuwa ya boti za mbao na majahazi, watu wamekaa juu ya magunia na matenga ya kuku, wengine wakivuka usiku kwa kufuata maji, bila choo wala kivuli. Aliyefika Kilindoni kabla gati halijajengwa alishuka majini, viatu mkononi na mzigo kichwani. Leo Mamlaka ya Bandari imejenga gati Nyamisati, na kuna kivuko, MV Kilindoni, kilichoundwa na kampuni ya Songoro Marine ya Mwanza na kuendeshwa na TEMESA, wakala wa serikali. Kinabeba abiria 200 pamoja na magari na mizigo, na njia yake ni kilomita 50 na ushei. Ukitulia upepo, muda wa saa nne hivi unatosha. Sitaki kulipita jambo hili haraka, kwa sababu mama mjamzito anayevuka amekaa kwenye kiti, chini ya paa, amepewa jambo ambalo mama yake hakuwahi kulipata.

Lakini upepo hautulii mwaka mzima. Kuanzia Desemba hadi Machi unavuma kaskazi, na bahari kati ya delta na Mafia mara nyingi huwa ya kuvukika. Hicho pia ndicho kipindi ambacho papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, wanaonekana karibu na Kilindoni, na watalii hujaa. Kuanzia Mei kusi inashika, na Juni na Julai inakuwa na nguvu. Nahodha anayetoka Nyamisati anaelekea mashariki, akikaza kidogo upande wa kusini, hivyo mawimbi yanampiga omoni na ubavuni, chombo kinakwenda mrama, na abiria wa bara wanatapika mpaka waone nchi kavu. Sasa tazama kalenda ya shule. Likizo fupi ya katikati ya mwaka inaangukia Juni, kusi ikiwa imeshika. Mwalimu wa Masieda ana siku chache, nusu ya hizo zinakwenda barabarani, na zilizobaki anaziweka mikononi mwa upepo. Wengi hawaendi kabisa. Wanaingoja Desemba, na kama kuna msiba Juni wanalia mbali.

Njia ya angani ipo, na ina historia watu wengi wasiyoijua. Mwezi Januari 1915 Waingereza waliwanyang'anya Wajerumani Kisiwa cha Mafia, wakakifanya kituo cha ndege za kuitafuta manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha ndani ya delta ya Rufiji. Julai mwaka huo meli mbili za Kiingereza, zikielekezwa na ndege zilizoruka kutoka Mafia, ziliishambulia hadi ikateketezwa na mabaharia wake. Kisiwa kikapata ndege kabla ya sehemu kubwa ya nchi hii, na hazikuwa kwa ajili ya watu wake. Uwanja wa leo wa Kilindoni ulitiwa lami mwaka 2013 kwa msaada wa Marekani. Kutoka Dar es Salaam ni nusu saa na kidogo, kwa ndege ndogo ambazo mizigo yake hupimwa kilo kwa kilo. Mfuko wa vitunguu saumu ungekuwa mgogoro, na nauli ingemaliza sehemu kubwa ya mshahara.

Kwa hiyo ni bahari, na bahari ina kumbukumbu zake. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama Nungwi ikielekea Pemba, imejaza watu kupita idadi iliyoruhusiwa. Miezi kumi baadaye MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ziwa Victoria, karibu kabisa na gati la Bwisya huko Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101, na waliokufa walizidi 220. Nazitaja kwa sababu ukizichunguza, kila mara kuna msongamano, na msongamano mara nyingi huletwa na chombo kuwa kimoja na siku zake kuwa chache. Mtu akijua kesho kuna kingine, hatakisukumia mguu hiki cha leo. Akijua kikimwacha atakaa gatini siku tatu bila hela ya kula, atapanda hata kama amekatazwa.

Hapo ndipo ninaposimama mimi. Kisiwa chenye watu zaidi ya 66,000 hakipaswi kutegemea kivuko kimoja. Kila chombo cha abiria lazima kitolewe majini kukaguliwa na kutengenezwa, na siku hizo zinajulikana mapema. Ziandikwe Mbagala mahali pa kupandia magari, zitumwe kwa simu, zitangazwe redioni, ili mtu asitumie nauli yake ya mwisho kufika Nyamisati na kukuta gati tupu. Kiwepo chombo cha pili chenye hadhi hiyohiyo, siyo boti ya kuazima inayotafutwa haraka watu wakishalalamika. Mwalimu akichelewa kurudi kituoni anaandikiwa barua ya kujieleza. Mgonjwa aliyepewa rufaa ya Muhimbili hana wa kumwandikia barua.

Zipo siku ambazo hakuna kivuko kinachopaswa kutoka, hata viwe kumi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja moja kwa moja upande wa Mafia, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ilionya mapema, vyombo vikakaa. Hilo lilikuwa jambo jema, na watu walilielewa kwa sababu waliambiwa. Wakazi wa visiwani hawaogopi kusubiri. Wamelelewa ndani ya kusubiri. Kinachowaumiza ni kusubiri bila kujua wanasubiri nini.

Tena kufika Kilindoni, kwa wengine, ni kufika nusu. Ukipanda gari hadi Utende, upande wa pili wa kisiwa, unaikuta Ghuba ya Chole, moyo wa hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini. Ng'ambo kuna Chole, Juani yenye magofu ya Kua, na Jibondo, kisiwa cha mafundi wa majahazi, ambako kwa miaka mingi maji matamu yalikuwa haba na watu walizoea kuyafuata kwa mashua hadi kisiwa kikubwa. Huko hakuna TEMESA. Kuna mashua, tanga, na kijana wa kufua maji. Wanafunzi wanavuka, wagonjwa wanavuka, mizigo inavuka. Ukikaa Utende asubuhi moja utaona vyombo vikija vimejaa watoto wenye sare, na ni wachache sana waliovaa jaketi la kuokolea. Jaketi hizo hazihitaji bajeti ya kununua meli. Zinahitaji halmashauri kuamua mwaka huu, na kuzigawa kabla kusi haijashika.