Kwaya ya watoto wa Kamina: sauti zilisikika dunia nzima, majina yako wapi?

Leo tuzungumzie kwaya. Na siyo hizi za watu wazima na kinanda tulizozizoea hapa Usukumani, nazungumzia kwaya ya watoto wa kiume watupu.

Ukiuliza kwenye mtandao utaletewa wale wa Vienna, Austria, ambao historia yao inaanzia mwaka 1498. Sawa, ni wakongwe. Lakini iko moja ya majirani zetu kabisa, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na wengi wetu hatujawahi kuisikia.

Mji unaitwa Kamina, uko Katanga, Kongo, kule ambako Kiswahili ni lugha ya mtaani kama hapa. Mwaka 1953 alifika padre Mbelgiji wa shirika la Wafransisko, Guido Haazen, akaongoza shule pale. Akakusanya watoto kama 45 wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu kama 15. Kwaya ikapewa jina la Les Troubadours du Roi Baudouin, yaani waimbaji wa Mfalme Baudouin, maana Kongo ilikuwa bado chini ya Ubelgiji. Jina la mkoloni, nyimbo za Waluba.

Walimu walikuwa wanafanya nini kwenye kwaya ya watoto? Hapo ndipo kuna kazi yenyewe. Mtoto wa kiume kabla ya kubalehe nyuzi zake za sauti ni fupi na nyembamba, kwa hiyo anapanda juu bila shida, anabeba sauti ya kwanza na ya pili. Sauti ya tatu na besi hana, lazima wakubwa wazishike. Halafu akibalehe koromeo linakua, nyuzi zinarefuka, sauti inaanza kukwaruza na kuruka ruka. Mwalimu wa kwaya ya wavulana anafundisha huku anajua kwamba mwimbaji wake bora atampotea muda si mrefu. Ndiyo maana kwaya ya namna hii haikomi kuingiza wadogo. (Walimu wengine hapa kwetu wanamlazimisha kijana wa namna hiyo apige kelele hivyo hivyo mpaka akauke. Mwacheni apumzike jamani, au ashushwe sauti taratibu.)

Turudi Kamina. Kazi iliyowapa jina ni Missa Luba. Hawakupewa karatasi yenye noti. Walikubaliana mwelekeo tu wa kila sehemu, kisha wakaimba kwa kubuni papo hapo, kiongozi anaita, wenzake wanapokea, ngoma chini. Maneno ni Kilatini cha misa, maana Kanisa Katoliki lilikuwa bado linadai Kilatini. Lakini njia za nyimbo ni za kwao: kwenye Kyrie kuna kasala, uimbaji wa maombolezo wa Waluba, na Hosanna inakwenda kwa mdundo wa ngoma za Kasai. Misa hiyo iliimbwa rasmi kwa mara ya kwanza Kamina tarehe 23 Machi 1958. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuja kuruhusu muziki wa asili kanisani mwaka 1963, miaka mitano baadaye! Watoto walishatangulia.

Mwaka huohuo wa 1958 wakapelekwa Ulaya: Ubelgiji, Uholanzi, Ujerumani, wakaimba kwenye maonyesho makubwa ya Brussels, wakaimba hata na hao wavulana wa Vienna. Kampuni ya Philips ikatoa sahani ya santuri. Pasolini wa Italia akaweka Gloria yao kwenye filamu yake ya Injili ya Mathayo mwaka 1964, na mwaka 1968 Sanctus ikasikika kwenye filamu ya Kiingereza, if....

Sasa swali langu. Kazi hiyo inajulikana kwa jina la nani? La padre Haazen. Sikatai, bila yeye pengine isingerekodiwa, na kuipanga ni kazi. Lakini kitu kilichobuniwa mdomoni mwa waimbaji 60 kinakuwaje cha mtu mmoja? Mwalimu aliyeongoza kwa sauti, Joachim Ngoi, angalau anatajwa. Wale watoto 45 wakaitwa "kwaya" basi. Sisi watu wa Maganzo mambo hayo tunayajua: jiwe linasifiwa mpaka ng'ambo, aliyelitoa udongoni hana jina.

Kwa hiyo ninyi mnaojipanga kwenda Mwanza kurekodi, sikilizeni. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu anapotunga, na ina sehemu inayohusu sanaa za jadi pia. Shida ni ushahidi. Kabla ya kuingia studio chukueni karatasi, andikeni wimbo ulitungwa lini, nani alileta maneno, nani alileta njia ya wimbo, nani aliimba sauti gani, hata dogo wa darasa la nne. Kila mtu atie sahihi, na nakala moja msimwachie mwenye studio.